Historia ya Mama Honi, Dereva Aliyetumwa Kuomba Mafuta

Wapendwa mliofika, ndugu, majirani, na ninyi madereva mliopanga malori kando ya barabara mpaka askari wa trafiki amekuja kuuliza kuna nini, familia inawakaribisha msikilize maisha ya mama yetu, dada yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Honi. Tunawaomba radhi mapema kwa urefu wa habari hii, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha maagizo mawili, la kwanza kwamba msomaji asimfanye malaika, na la pili kwamba habari ya mafuta isimuliwe yote bila kukatwa, maana alichoka kuisikia nusunusu, wengine wakisema aliokoa msitu, wengine wakisema aliwauza madereva, na yeye akisema pande zote mbili zimetia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1958, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yadi ya malori, ambako baba yake alikuwa fundi wa injini na mama yake alishona maturubai, hivyo harufu ya dizeli aliijua kabla hajajua kutembea, na ile sauti iliyompa jina aliipata humo humo, kwani katika nyumba ile ukitaka kuongezewa chai ilikubidi ushindane na injini.

Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza masomo ya msingi Novemba 1973, akiwa amefaulu hesabu kwa uwezo wake na uandishi kwa huruma ya mwalimu, lakini hakuendelea, kwa sababu mwaka huo baba yake aliumia mkono wa kulia na akahitaji mtu wa kukaza nati. Madereva walipokwenda kula mchana, yeye ndiye aliyesogeza malori kuyaingiza kwenye banda, mwanzoni kwa ruhusa, baadaye bila ruhusa, na ilipofika mwaka 1978 hakuna aliyekumbuka kwamba ruhusa iliwahi kuhitajika.

Leseni ya lori aliipata tarehe 9 Machi 1981, katika jaribio la tatu, baada ya mkaguzi kumfelisha mara mbili bila sababu ya kueleweka. Safari hiyo aliambiwa arudi nyuma kati ya mapipa mawili, akarudi bila kugusa hata moja, kisha akachungulia dirishani na kuuliza, "Bwana mkaguzi, nirudie nikiwa nimekunja kioo cha kushoto?" Mkaguzi akaweka sahihi pale pale, akiwa amesimama.

Aliajiriwa na kampuni ya vifaa vya ujenzi kubeba saruji, akipita kila wiki kwenye kizuizi cha hifadhi, na hapo ndipo alipokutana na askari wa wanyamapori aliyekuwa na kazi ya kukagua mbao za wizi, kijana mrefu, mpole, mchache wa maneno, ambaye lori la marehemu alilikagua kwa bidii ya kupita kiasi, mfuko mmoja mmoja. Jumatatu ya tano uvumilivu ukamwishia, akamwuliza, "Afande, mbao unazitafuta ndani ya saruji?" Naye, bila kuinua macho, akajibu, "Natafuta cha kukuchelewesha." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983, na tangu siku ile mpaka mwisho wa maisha yake alimwita mumewe Afande, hata alipokuwa anamtuma sokoni. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye ni fundi umeme, na kijana aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu watano, ambao wote, kwa bahati mbaya ya majirani, wamerithi sauti.

Mwaka 1994 alinunua lori lake mwenyewe, lililotumika, lenye mlango wa rangi tofauti na mwili wake, na mwaka 2004 madereva wa yadi walimchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao, mwanamke pekee kati ya wanachama sitini na wawili. Katika uenyekiti huo ndipo lilipomkuta jambo aliloagiza lisimuliwe.

Wengi mnaikumbuka miaka ile dizeli ilipopanda mara tatu ndani ya miezi kumi. Dereva mwenzake, ambaye sote tunamwita Breki, alilipandisha lori lake juu ya mawe na kuuza matairi, gari la wagonjwa la zahanati halikuondoka mpaka ndugu wa mgonjwa walete mafuta kwenye dumu, na sokoni bei ya kila kilichobebwa na gari ilipanda pamoja na gari. Kwa hiyo Oktoba 2009, ilipotangazwa kwamba wapimaji wamegundua mafuta chini ya hifadhi, kilomita tisini tu kutoka yadi, madereva walikumbatiana, na mwenyekiti wao alishangilia kuliko wote. Serikali ikasema kabla ya kutoa leseni itawasikiliza wananchi, na chama kikamtuma Mama Honi aende akaseme kwa niaba yao neno moja tu, wachimbe. Hotuba aliiandika kwenye daftari, kurasa nne, akaisoma mezani mbele ya mumewe, aliyekuwa anakula mkate, naye akaendelea kula mkate.

"Afande, sema basi," alimwambia. "Huo msitu wako una nini ambacho hakiwezi kusogea kidogo watu wakapata dizeli?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Mimi nikisema, utasema nimekushawishi."

"Na usiposema, nitasema umeninunia."

"Basi sema hivyo," alijibu Afande, akaomba chai.

Ni kweli kwamba kwa miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa hajawahi kuvuka kizuizi kile kwa miguu, msitu kwake ulikuwa ukuta wa kijani upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo akaomba kibali, akajifunga kibwebwe, na tarehe 3 hadi 5 Mei 2010 akaingia hifadhini na mumewe, siku ya kwanza akilalamika kuhusu viatu, siku ya pili kuhusu viatu na mbu. Siku hiyo ya pili walisimamishwa na kundi la tembo lililovuka njia na watoto wake kwa dakika arobaini, na alituambia kwamba ile ndiyo foleni ya kwanza maishani ambayo hakuipigia honi.

Lakini hakubadilishwa na tembo, na alitaka jambo hili lieleweke. Siku ya tatu walifika kwenye kinamasi kikubwa, kule yanakoanzia maji yanayoshuka mpaka kwenye mabomba ya mji wetu, na hapo akakuta vigingi vya wapimaji, vimefungwa vitambaa vyekundu, vimenyooka kutoka ukingo mmoja mpaka kwenye kilima cha ng'ambo. Akachukua ufito mrefu, akauchomeka kwenye tope, ukazama kina cha kufika kwapani mwake, akauchomoa, akauchomeka mbele kidogo, ukazama tena. Mtu mwingine angeona tope, yeye aliona kazi yake, akajua kwamba mtambo wa kuchimba hauwezi kupita pale bila kifusi, kifusi hakiendi bila malori, malori hayaendi bila barabara, na katika miaka karibu thelathini ya usukani hakuwahi kuona barabara iliyobaki na lori lile tu ililochongewa. Aliwahi kubeba mkaa na magogo kutoka njia za namna hiyo, na hakulificha hilo. Akaketi juu ya gogo, amekasirika kwelikweli, kwa sababu hotuba yake ilikuwa tayari na ilikuwa nzuri. Mumewe akampa maji ya kunywa.

Mkutano ulifanyika Jumanne tarehe 22 Juni 2010, katika ukumbi wa halmashauri, feni mbili kati ya nne zikiwa zimekufa, madereva wamejaa safu za mbele na askari wa hifadhi wamesimama nyuma. Alipoitwa, Mama Honi hakufungua daftari, alimgeukia mhandisi wa kampuni, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa akijibu watu kwa adabu tangu asubuhi, akamwuliza, "Dada, mafuta ya hapa yakitoka, dizeli ya kwenye pampu yetu itashuka kwa kiasi gani, na lini?"

Mhandisi alivua miwani. "Mama, sitakudanganya. Ni miaka minane au kumi kabla ya pipa la kwanza, na yatauzwa kwa bei ya soko kama mafuta mengine yote. Nchi itapata mapato, na mapato yanaweza kujenga mengi. Bei ya pampu yenu siwezi kuiahidi."

"Asante kwa kusema kweli," alisema marehemu, na walioketi nje walimsikia vizuri. "Wenzangu wamenituma dizeli ya bei nafuu, nami bado naiomba, tena naiomba leo, siyo baada ya miaka kumi nikiwa nimeshang'oka meno. Lakini msitufanye tutoe maji yetu ili tupate nafuu, kumbe nafuu yenyewe haimo. Punguzeni kodi ya dizeli ya malori. Zibeni mashimo ya ile barabara, inatumalizia mafuta kwa gia ya kwanza. Na siku mkipata njia ya kuchimba mkiwa nje ya mpaka, bila kumwaga kifusi kwenye kinamasi, niiteni, mabomba nitawabebea mimi mwenyewe."

Breki akasimama. "Tulikutuma useme yetu, umekuja kusema ya mumeo!"

"Ya mume wangu siyajui, kaka, miezi namuuliza hasemi!" alijibu, na ukumbi ukaangua kicheko, lakini Breki hakucheka, na marehemu mwenyewe, alituambia, hakucheka moyoni, kwa sababu aliyaona mawe yale chini ya lori la mwenzake.

Wiki iliyofuata chama kilimwondoa uenyekiti kwa kura arobaini na nne, akafunga daftari, akamkabidhi mrithi wake funguo za ofisi na kumwonyesha droo inayokwama. Agosti 2011 ilitangazwa kwamba leseni imesitishwa hadi uchunguzi zaidi, na uchunguzi huo unaendelea mpaka leo, kodi ilipunguzwa kidogo kwa mwaka mmoja kisha ikarudi, na katika kilomita arobaini za barabara zilizoombwa zilitengenezwa kumi na tisa. Hakuwahi kujigamba. Kila bei ilipopanda alisimama kwenye pampu akitazama namba zinavyokimbia, akasema, "Labda nilikosea," kisha nyumbani akafungua bomba, akajaza glasi, akasema, "Labda sikukosea," na ndivyo alivyoishi na jambo hilo, bila kulimaliza. Alichoweza kufanya alikifanya, alitundika ubao mweusi ukutani mwa yadi, kila mwenye mzigo wa kwenda akaandika na kila mwenye lori tupu la kurudi akaandika, na hivyo malori yakapunguza kuchoma dizeli kubeba hewa.

Breki hakumsalimia kwa miaka miwili na ushee. Halafu asubuhi moja ya Januari 2013 alikuja mlangoni akiwa na binti yake, akasema, "Anataka kuendesha lori, na hakuna anayekubali kumfundisha. Nimekuja, lakini siyo kwamba nimekubali yale."

"Wala mimi sijakubali ya kwako," alisema Mama Honi. "Mwache hapa, urudi saa kumi." Binti huyo ndiye aliyeendesha lori lililoleta viti mnavyokalia, na ndiye mwenyekiti wa chama cha madereva kwa sasa.

Marehemu alistaafu usukani tarehe 30 Aprili 2019. Februari 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, tarehe 4 mwezi huo akabainika kuwa na moyo uliotanuka, na alipoambiwa hivyo alimwuliza daktari kuna ajabu gani, kwa watu wote waliokuwa wamekaa humo. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho ikiwa tarehe 2 Septemba 2023. Siku tatu kabla hajatuacha, mchana, wodini, mumewe alikuwa anamkunjia shuka, akasema bila kuulizwa, "Mke wangu, siku zile mimi nilitaka wachimbe." Ikabidi arudie. Kampuni ilikuwa imewaahidi askari wa hifadhi kazi ya ulinzi wa mitambo kwa mshahara mara mbili, kijana wao alikuwa anakwenda chuo, na Afande alijua akifungua mdomo atamsukuma mkewe upande ule, naye hakutaka jambo zito kama lile liamuliwe na karo ya mtoto mmoja. Mama Honi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka mashine ya moyo ikalia na wauguzi wawili wakaja mbio. "Miaka kumi na tatu," alisema alipopata pumzi, "miaka kumi na tatu naambiwa nililishwa maneno na mume wangu, kumbe mume wangu alikuwa upande wa Breki!" Akaagiza Breki aitwe, akaja, akaambiwa, na wazee watatu wakashikana mikono wakicheka kama waliokosa adabu.

Alituaga Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomtibu na kuvumilia ubishi wake kuhusu chumvi, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliolala nasi hapa, inawashukuru askari wa hifadhi, wa zamani na wa sasa, na inawashukuru kwa namna ya pekee madereva, wale waliompigia kura na wale arobaini na wanne, kwani leo tumewaona wote mmebeba jeneza lake kwa zamu bila kuulizana nani alikuwa upande gani.

Lala kwa amani, mama, ubishi uliobaki tutaumalizia sisi.