Sahihi Kwenye Kurasa Tupu

— Elfu ishirini zangu zirudi, na zirudi leo.

Fundi Saa alikuwa ameshapandisha hasira, kahawa yake hata hajaigusa. Benchi la nje ya kinyozi lilijaa kama kila jioni, na habari ilikuwa moja: bintiye, aliyelipiwa masomo ya ziada muhula mzima, kakabidhi mtihani wa saa mbili baada ya dakika ishirini. Kapata tisa kwa mia. Sasa shule inataka arudie darasa.

— Simu hizo, alisema Kinyozi.

— Mtoto hana simu, bwana.

— Basi viti vya darasani. Huyu alikuwa Gazeti, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hujua mambo kabla hayajatokea. — Wanavichonga vigumu makusudi, mtoto akimbie mwenyewe.

Kinyozi akaona njama ni kubwa zaidi: wauza madaftari ndio waliotengeneza kalamu zinazoteleza, kurasa ziishe upesi. Wakacheka. Fundi Saa hakucheka. Kijigurudumu kimoja cha saa humkalisha siku tatu. Haraka hiyo mtoto kaitoa wapi? Si kwake, aliapa.

Mwalimu wa masomo ya ziada akatokea, chaki bado mikononi. Fundi akarudia dai lake. Mwalimu huyo, mwanamke, hakubishana. Alitoa mkobani daftari la kazi za nyumbani, akaliweka benchini. Walikubaliana mwanzo wa muhula: kila jioni baba akae na binti nusu saa, asome kila jibu, ndipo atie sahihi.

Akafunua. Hesabu nne za mbiombio, chini yake sahihi ya baba. Akafunua hadi kurasa ambazo binti hajazifikia. Tupu, na chini ya kila moja sahihi ileile, wino uleule.

— Hizi ulizikagua lini, baba?

Gazeti akachungulia birika. Kinyozi akakumbuka ana mteja, ilhali kiti chake kilikuwa wazi. Fundi Saa akaikumbuka Jumapili ile: binti kasimama na daftari, yeye keshavaa viatu aje benchini, akasaini daftari zima kwa mkupuo asisumbuliwe tena.

— Binti aliniambia hufanya hesabu mbio akukute hujatoka, alisema mwalimu.

Akahesabu noti, akaziweka juu ya daftari.

— Pesa zako hizo. Mtoto anakudai jioni sitini, nusu saa kila moja. Anza kumlipa leo.