Mumunye la Kwanza Haliliwi

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum. Fundi mitambo ananionesha kwa mkono nitulie kitini. Sitaweza. Leo mtanivumilia.

Tunamkumbuka Bi Mwanakheir Hamad wa Mpendae. Bi Mwanakheir alifariki dunia Jumanne, siku kumi na saba zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mwalimu. Hakuwa na skuli wala ubao. Darasa lake lilikuwa uani, nyuma ya nyumba yake, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Bi Mwanakheir, mwalimu wa uani. Amekwenda, na mbegu yake nusura imfuate. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo.

Kazaliwa Tumbatu. Kaja mjini kuolewa, na mama yake kamfungia mbegu za mumunye kwenye pembe ya kanga. Mumunye dogo, lisilotaka maji mengi, linalopanda ukutani bila kubembelezwa. Alilipanda kila mwaka. Miaka hamsini.

Darasa lilianza kwa hasira. Mwenyewe alinieleza. Bahari ilichafuka, meli ya bara haikuja, akenda sokoni akakuta meza tupu.

"Nimesimama foleni kusubiri mchicha," aliniambia. "Mchicha, bwana we. Kitu kinachoota kwenye ufa wa choo. Na mie na miguu yangu miwili nasubiri ushushwe bandarini."

Akarudi nyumbani, akakusanya ndoo tupu za rangi, akazitoboa chini, akawaita majirani.

Akafundisha kugeuza maganda ya jikoni kuwa mbolea. Kukinga maji ya mvua. Kufuga kuku sita bila kugombana na jirani. Kupika sabuni kwa mafuta ya nazi. Wakaja kina mama wa Mpendae. Wakaja wanaolima mwani Jambiani na Kiwengwa. Akaja Bwana Hitesh, mwenye duka la vitambaa Mji Mkongwe, ambaye shamba lake lote ni paa la nyumba.

Mimi nilikwenda miaka sita iliyopita, kumhoji dakika tano tu.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Usikae hapo, pana minyoo yangu ya mbolea. Shika jembe. Utauliza huku unalima."

Nililima mpaka magharibi. Niliuliza maswali yangu yote, akayajibu yote, na kinasa sauti nilisahau kukiwasha.

Hakuwa mtu wa kukaa. Binti yake, Tahiya, anasema: "Mama chai alikunywa amesimama. Ukimwambia kaa, anakujibu, nikikaa ntaanza kuumwa."

Aliyemaliza darasa hakupewa cheti. Alipewa mbegu za mumunye na sharti moja. Mumunye la kwanza haliliwi. Unaliacha juu likauke mpaka liwe kama mbao, ukilitikisa mbegu zilie ndani. Hapo ndipo una mbegu. Miezi mitano tangu kupanda.

Sasa niambieni. Mumunye changa linaning'inia, samaki yuko jikoni, nani atasubiri miezi mitano? Walikula. Wote walikula. Mwaka wa pili wanarudi, "Bi Mwanakheir, tupe tena." Anawasema, halafu anawapa.

"Siku nikifa mtakuja kunifukua?" aliwauliza. Wakacheka. Na mimi nilikuwapo, nikacheka.

Ile Jumanne majirani waliwahi. Bi Shahida, nyumba ya pili, shoga yake wa miaka thelathini, akatazama ule ua. Majani makavu, ndoo, mtambaa uliokauka ukutani. Watu wanakuja kuzika. Mikeka itatandikwa wapi? Akashika fagio. Wanawake saba wakafagia. Mnajua ua unavyofagiliwa kwetu, mpaka mchanga ubaki na mistari. Takataka zikakusanywa pembeni, zikachomwa.

Katika takataka zile mlikuwa na mamumunye matatu makavu. Ya mbegu. Nasema tena: mamumunye matatu, na hakukuwa na mbegu nyingine.

Tahiya aligundua Ijumaa, baada ya kisomo cha khitma. Alimwambia Bi Shahida taratibu, kama mtu anayempa mwenziwe habari ya msiba wa pili.

"Nilimsafishia," Bi Shahida akasema. "Sikutaka watu waseme kafa kwenye uchafu. Shoga yangu yule." Akakaa chini palepale, kwenye mchanga alioufagia.

Tahiya akapiga simu. Jambiani: tulikula. Kiwengwa: tulikula. Bwana Hitesh naye akapokea.

"Dada Tahiya, mimi nilipika na dengu," akasema. "Yalikuwa matamu. Samahani sana."

Wasikilizaji wapendwa, sasa inakuja zamu yangu, na ndipo kiti kinaponichoma. Mimi sikula. Wala sikupanda. Bi Mwanakheir alinipa zangu ileile siku ya jembe, kwenye kipande cha gazeti.

"Wewe miguu inakuwasha," aliniambia. "Panda siku utakapopata pa kukaa."

Nikazitia mfuko wa ndani wa begi. Begi lile limekwenda Tanga, limekwenda Mombasa, limekwenda Pemba mara sijui ngapi. Chumba sijapata kukipanga zaidi ya miezi mitatu. Na kila nikirudi Unguja tukionana, aliniuliza, "Zile mbegu vipi?" Nami nikijibu, "Zinaendelea." Nimemdanganya mtu mzima miaka sita.

Jumamosi nikenda Mpendae. Wanafunzi walikuwa wamekuja kwa mazoea, wamesimama tu uani, hakuna anayejua aanze na nini. Nikafungua gazeti. Mbegu tisa.

Tahiya akazitazama. "Mama alisema zako zinaendelea."

"Zilikuwa zinaendelea na safari," nikasema.

Akacheka. Mara ya kwanza tangu mama yake afariki.

Zipandwe wapi? Bi Shahida akasema, "Kwangu."

Mama mmoja wa Jambiani akaguna. "Kwako, na fagio lako lile?"

"Kwangu. Na fagio achukue huyu." Akanikabidhi mimi.

Ninalo hapa studio, limeegemea mlango. Fundi mitambo anadhani nimebadilishiwa kazi.

Tukapanda siku ileile. Kila asubuhi nilikuwa pale. Siku ya saba, hakuna kitu. Siku ya kumi, hakuna kitu. Mbegu za miaka sita, zimepigwa na jua la mabasi na chumvi ya vivuko. Nilitaka kufukua nione. Bi Shahida akanipiga mkono. "Ondoa vidole. Ungekuwa na haraka ungepanda zamani."

Leo ni siku ya kumi na tatu. Leo asubuhi mche mmoja umetoka. Mmoja, katika tisa. Una majani mawili, na ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kichwani. Bi Shahida kaufunika kwa tenga, kuku wasiuone. Pembeni yake majani makavu yamejaa, na hajayagusa.

Kwa Tahiya na jamaa wote wa Tumbatu na Mpendae, tunawapa mkono wa pole. Mola amlaze Bi Mwanakheir mahali pema. Kwa Bi Shahida pia, pole. Ulifagia kwa mapenzi, na kila anayekujua anajua hivyo.

Na wewe unayenisikiliza, fikiri kidogo. Nyumbani kwenu yuko mtu anayeshika kitu peke yake, nyinyi wengine mnakula tu. Pengine ni mbegu. Pengine ni namna ya kupika, au dawa ya mtoto anayelia tumbo. Nenda kwake leo, naye angali yupo. Chukua, kisha ufanye, usije ukamwambia zinaendelea.

Mche ni mmoja. Mumunye la kwanza haliliwi. Ni miezi mitano. Begi langu nimemwachia Tahiya, anawekea ndani vibanio vya nguo. Ukinikuta Mpendae asubuhi na kopo la maji mkononi, nisalimie, lakini usiniulize nasafiri lini.