Mama Vigingi na Kilima Kilichotembea

Kuna jambo nimelificha tangu nilipokuwa mkuu wa ofisi yetu ya udongo, na kwa kuwa madaktari wameacha kunipangia miadi ya mbali, nitalisema humu humu katika salamu hizi za kumuaga mwenzetu. Kwanza nimpe mwenyewe stahili yake: mwisho wa mwezi huu Mama Vigingi anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuchunguza mmomonyoko na kusogea kwa ardhi pale kilimani.

Jina hilo alipewa na wenyeji. Alichomeka vigingi kwa mstari ulionyooka kukata mteremko, akawa anarudi kila baada ya mvua kubwa. Kigingi kikitoka mstarini, ardhi imesogea. Alipanda na buti za mpira zilizomzidi miguu, akateleza mara nyingi kuliko kilima chenyewe. Ofisini tulimcheka, naye akicheka nasi.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, lakini vigingi vilibaki vimenyooka. Sote tulifurahi isipokuwa yeye. Alikuwa ameona migomba imeinama, na mlango wa bibi mjane aliyeishi peke yake kule juu ukikwaruza sakafu. Alipomuuliza kuhusu vigingi, bibi alijibu kwa fahari: "Mvua ilikuwa inakupindishia vijiti vyako, mwanangu. Nikakuonea huruma, nikawa navirudisha mstarini."

Mama Vigingi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwomba ahame siku ile ile. Bibi akagoma, kwa kuwa nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na wengine walikwisha kumsihi wakachoka. Mwenzetu hakubishana. Alimshukuru kwa kazi ya vigingi, akamfanya msaidizi wake papo hapo, akalikunja godoro la bibi na kujitwika.

"Sisi hatulali kazini, mama," alisema, akaanza kuteremka. Bibi akalifuata godoro lake huku akisonya.

Juma lile lile kilima kiliifunika nyumba. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akijitambulisha kwa kila mgeni kuwa mtumishi wa ofisi yetu.

Asante, Mama Vigingi. Upumzike mahali pa tambarare, wajukuu wakuzunguke, na miguu yako ipate kukauka.

Sasa lile nililolificha. Niliogopa watu wangesema nilikutuma kilimani kwa ajili ya nyumba moja. Nilikuwa nimemsihi bibi yule kabla yako, akaniambia elimu imenitia woga. Alikuwa mama yangu mzazi.