Kinywa cha Hawise

Sogeeni, wanangu, Warin na Gerbert, na mnyamaze, kwani pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubishana na mtu. Baba Askofu, nawe usiondoke. Mafuta umeshanipaka, lakini kazi niliyokuitia bado.

Watu husema mimi Edeva nilibahatika, binti wa mfalme, niliyeletwa hapa mpakani kwa machela yenye mapazia ya hariri. Nyumba njema si mlango. Nilikuwa na miaka sita, nimekumbatia mwanasesere wa matambara, nikaolewa na Fulk, baba yenu, aliyekuwa na ndevu zenye mvi, ili baba yangu apate ngome mbili na amani ya msimu mmoja. Asubuhi nilipotimiza kumi na miwili wakanilaza kitandani kwake, askofu wa siku zile akakinyunyizia kitanda maji ya baraka, na mabwana wakasimama na mishumaa wakicheka, mmoja akiniambia nitabasamu. Mpaka leo sinywi pombe ya shayiri, kwani ndiyo waliyonukia.

Nilishazaa mara tatu ndipo mtawa mmoja aliponieleza sheria ya Kanisa: msichana aliyeozwa utotoni, akifika kumi na miwili naye hajaguswa, ana haki ya kusema mbele ya askofu kwamba hamtaki mume yule, na ndoa ikafa. Wote walijua. Ndiyo maana waliniwahi alfajiri, kabla sijafumbua kinywa. Niliposikia hayo, nilitapika kwenye beseni la mtawa yule.

Na wewe Warin, mwanangu wa kumzaa, umemtendea vivyo hivyo binti yako. Ulimwoza Hawise kwa Odo akiwa na miaka saba, leo katimiza kumi na miwili, na wapanda farasi wa Odo wako uani wanakula nyama yangu ya chumvi wakimngoja. Nilipokusihi, ulinijibu, “Mama, mbona wewe ulivumilia?” Mwenye kovu usidhani kapoa, Warin. Nimekuchukia tangu jibu lile, na sitakufa nikijifanya sikukuchukia.

Basi sikilizeni. Kondoo wote ni wa Gerbert, ambaye hakunisaidia, ila angalau aliona haya. Vikombe vyangu vya fedha viende kwa watawa, nao wampokee Hawise na kumfundisha kusoma. Kitanda hiki nifiapo ndicho kile kile. Kichomeni, wala msimpe hata maskini. Warin, wewe nakuachia upanga wa baba yako na tabia zake, vyote ulishavichukua.

Hawise, mjukuu wangu, njoo. Shika mkono wangu, ni baridi, usiogope. Usimtazame baba yako, mtazame Askofu. Yale niliyokunong'oneza, yaseme sasa.

Rudia. Masikio yake ni mazito.

Naam. Kasema hamtaki. Umesikia, Baba Askofu, na Gerbert kasikia, na wajakazi pale. Andika, au usiandike, Mungu kasikia.

Mungu akupe... akupe usingizi wa peke yako, mtoto, mpaka utakapomtaka mtu mwenyewe. Akupe sauti. Uzee... uzee usio na kinyaa kama wangu.

Gerbert, mshike mkono umpeleke kwa watawa. Sasa hivi.

Warin... toka mlangoni. Mtoto apite.