Shangazi wa Vichujio na Redio Zinazosikika Juani

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhandisi wetu mkuu wa vichujio atavua koti jeupe la maabara kwa mara ya mwisho. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Shangazi, na ukimuulizia kwa jina jingine utaambiwa hayupo.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki, tueleze kazi yake kidogo. Redio ya mawasiliano hupokea mawimbi ya kila aina kwa pamoja, na kichujio ndicho kinachopitisha yanayotakiwa na kuyafungia mlango mengine. Anachobuni Shangazi ni kipande cha fuwele, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye nyuzi za chuma zilizopangwa juu yake kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Wimbi la redio likifika hapo hugeuka mtetemo unaotambaa juu ya fuwele. Mtetemo usiolingana na nafasi za meno hayo hufia njiani. Kwa kuwa mtetemo hutambaa polepole mno kuliko wimbi lenyewe, kazi iliyohitaji kisanduku kizima inaenea kwenye kitu unachoweza kukipoteza kwa kupiga chafya.

Na alishawahi kukipoteza. Kitengo kizima kilipiga magoti sakafuni kukitafuta, mkurugenzi akaingia kuuliza kuna nini, naye akaambiwa apige magoti. Kichujio kilipatikana kimenata kwenye mkono wa shati la Shangazi mwenyewe.

Nyumbani, sifa zake zilifika zikiwa zimepinda. Mama mkwe wake aliposikia kwamba mkaza mwana anatengeneza vichujio, alimtumia chujio la chai lililotoboka. Shangazi hakujieleza. Alilipeleka karakana, akaliziba tundu kwa lehemu, akalirudisha. Mama mkwe aliutangazia ukoo mzima kwamba sasa ameamini mtoto wa watu amesoma.

Lakini kazi tunayomkumbukia zaidi ilianza kwa mumewe, ambaye alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mnara mpya wa simu ulisimamishwa karibu na hospitali, na tangu siku hiyo kila gari lilipokaribia lango, redio ilijaa mkwaruzo. Wauguzi waliita, madereva wasisikie. Mume alilalamika mezani hadi chakula kikapoa, na kesho yake Shangazi alikuwa mlangoni kwa meneja wetu kabla meneja mwenyewe hajaketi. Hospitali ilituandikia oda, ikaomba jambo moja tu: redio zile zile zitumike. Maana yake, kichujio kipya kilipaswa kukaa kwenye nafasi finyu iliyobaki ndani yake.

Alikibuni. Kwenye vipimo kilipita vizuri, maboksi yakafungwa, siku ya makabidhiano ikapangwa. Sampuli moja ilikuwa imewekwa kwenye gari la mumewe. Adhuhuri moja alimpigia simu mkewe, akasema kwa upole, kama mtu anayechagua maneno, "Mke wangu, redio yako inafanya kazi kivulini tu."

Shangazi alikwenda mwenyewe, akaketi ndani ya gari lililoegeshwa juani, akiwa na kipima joto na vyombo vyake. Oveni yetu ya majaribio ilikuwa imefuata kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye oda. Dashibodi ilikuwa imekipita mbali. Fuwele ilipopata moto ililegea, mtetemo ukapunguza mwendo, na kichujio kikaanza kuzuia sauti za wauguzi pamoja na kelele.

Siku ya makabidhiano wageni walishaketi, soda zimefunguliwa. Meneja alimwomba kwa macho asubiri hadi baadaye. Shangazi alisimama, akawaambia wageni kwamba vichujio ni vya kwake, vina kasoro, na haviendi popote. Mkuu wa hospitali aliuliza kama si kweli kwamba vimefaulu kwa kiwango walichokitaja wao wenyewe.

"Vimefaulu kwenye karatasi," alijibu. "Mgonjwa hapandi karatasi."

Oda ilisimama. Kulikuwa na minong'ono kwamba kitengo kitafungwa, na baadhi yetu tulianza kusoma matangazo ya kazi tukijifanya tunasoma habari za mpira. Shangazi alikonda. Aliifunika fuwele kwa tabaka jembamba la kioo cha aina ambayo, ikipata joto, hukaza pale fuwele inapolegea, na hivyo mtetemo hubaki karibu na mwendo wake. Tabaka la kwanza lilikuwa nene, likameza nguvu ya mawimbi. La pili lilibanduka. Aliendelea kubadili, kupima na kutupa, hadi likapatikana lililokubali.

Siku ya jaribio gari liliegeshwa mahali palepale, jua la utosi, vioo vimefungwa. Tulijibana ndani tukitokwa jasho, mumewe kwenye usukani akiita hospitali, Shangazi katikati akiwa amefumba macho. Kisha sauti ya mkunga ikatoka redioni, safi kabisa: "Nakusikia, dereva. Mlete mama mlango wa nyuma." Tulidhani ni maneno ya majaribio. Kumbe mama wa kujifungua alikuwepo kweli, akisubiri kuchukuliwa, na sote tulifukuzwa garini tukarudi kwa miguu. Shangazi alitembea mbele yetu akifuta macho, na alipoulizwa alisema ni jasho.

Leo vichujio vya ukoo ule vimo kwenye redio za zimamoto na za waokoaji, na wahandisi aliowafunza wanaongoza vitengo vyao. Wote hupima kwanza juani, ndipo waamini oveni.

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, saa yetu ya kuingia kazini, atakuwa amemshika mjukuu wake mkono kumpeleka shule, na ametuonya kwamba simu itazimwa. Shangazi, asante kwa yote. Ukawe na afya, usingizi mnono na vicheko tele, wewe na dereva wako. Sisi tukikwama tutahangaika wenyewe kwanza. Jumanne ndiyo tutapiga.