Silasi Burito, Fundi Miko wa Kiabakari

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Mzee Silasi Burito. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Butiama, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Burito na marehemu Mama Nyamburi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 hapo hapo Butiama, akamaliza la saba mwaka 1967. Alitamani kuendelea, lakini baba yake alikuwa amefariki na ng'ombe walihitaji mchungaji.

Mwaka 1969 alikwenda Musoma, mtaa wa Iringo, akapokelewa na seremala aitwaye Fundi Abubakary. Huko ndiko alikojifunza shoka, tezo na kile kisu kilichopinda cha kuchimbia tumbo la kijiko. Mwiko wake wa kwanza alimpa mke wa fundi, Mama Hasna. Ulipasuka katikati ya kusonga ugali. Mama Hasna aliurudisha karakana vipande viwili, ugali ukiwa bado umeganda, akasema, "Silasi, karibu chakula." Marehemu aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na kila mara alicheka kabla ya kuimaliza.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na Marieta, na mwaka uliofuata wakahamia Kiabakari. Walijaliwa watoto watatu: Alfonce, Yunis na Nyangi. Miko na vijiko vyake vya mti viliingia majikoni kuanzia Butiama hadi Bunda. Alichagua mti mwenyewe, akaupasua ukiwa mbichi, na hakuuza kijiko kabla ya kukipitisha mdomoni mwake kuona kama kinakwaruza.

Katika watoto wake, Nyangi ndiye aliyeipenda kazi hiyo. Siku moja, akiwa msichana, alimwomba baba yake amfundishe. Marehemu hakuinua hata macho. "Shoka si la mtoto wa kike," alisema. "Wewe utapikia miko, hutaichonga." Nyangi hakuomba tena. Aliolewa Guta mwaka 2009, na nyumbani kwao alikuja kwa nadra, akikaa jikoni na mama yake.

Krismasi ya mwaka 2017 Yunis alimletea mama yake kijiko kikubwa cha mti kutoka sokoni Bunda. Marehemu alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba ndani yake.

"Huyu ana mkono," alisema. "Tumboni tu ndo hajakaa sawa. Hana kisu chenyewe, na hakuna aliyemwonyesha. Ni fundi wa wapi?"

Yunis alisita. "Ni wa Nyangi, baba. Anachongaga nyuma ya jiko kwake, kwa kisu cha kukatia mboga."

Mzee aliweka kijiko mezani, akatoka nje, na siku hiyo hakula. Mama Marieta alimsihi aende Guta. Alisema atakwenda, na akawa anasema hivyo mwaka baada ya mwaka. Hakuwa na hasira na mtu. Hakujua tu aanzie wapi.

Alikwenda Mei 2022. Alimkuta Nyangi nyuma ya jiko, katikati ya mabanzi. Mzee aliketi chini, akasema, "Mwanangu, nilikunyima kitu chako."

"Nilikuwaga nachungulia dirishani, baba," Nyangi alijibu. "Mikono yako ilikuwa inaniziba. Tumbo la kijiko sikuwahi kuliona linavyokatwa."

"Njoo nyumbani nikuonyeshe."

"Tumalize kuvuna pamba, nitakuja."

Mzee alirudi Kiabakari akiwa mtu mwingine. Alinoa visu vyote, akaweka kando magogo mazuri ya mpera. Julai, pamba ikiwa bado shambani, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakapotea.

Nyangi alikuja siku hiyo hiyo, akabaki kumuuguza pamoja na mama yake. Kila jioni aliketi mbele ya baba yake na gogo na kile kisu kilichopinda, akakata taratibu. Marehemu alimgusa kiwiko kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa, akatoa sauti isiyo neno. Nyangi aligeuza kisu huku, akageuza kule. "Hivi, baba? Au hivi?" Mara nyingine mzee alilia, na Nyangi akaweka kisu chini. Hadi leo hajajua alikuwa anamkataza nini, au anamwelekeza wapi. Familia ingetamani Krismasi ile ya 2017 ingefuatwa na safari ya Guta.

Mapema mwaka huu wa 2025 alishikwa na nimonia. Alifariki hospitalini Musoma, Jumapili tarehe 9 Februari, alfajiri, mke wake akiwa kando yake. Familia inawashukuru wauguzi, majirani wa Kiabakari, na watoto wa Fundi Abubakary waliofika kutoka Iringo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Marieta, dada yake, Pelagia, wa Butiama, wajukuu, na watoto watatu: Alfonce, dereva, wa Musoma, Yunis, mwalimu, wa Bunda, na Nyangi, fundi miko, wa Guta.

Baba, mikono yako ipumzike sasa. Mwenyezi Mungu akulaze kwa amani.