Mwalimu Fidelia Mwalongo na Mtoto wa Dinosaria wa Ludewa

Mwalimu Fidelia Mwalongo alizaliwa Wanging'ombe tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mika Mwalongo na marehemu Mama Elina. Alilelewa katika imani ya Kilutheri.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza sekondari Iringa mwaka 1975 na chuo cha ualimu mwaka 1978. Kuanzia 1979 hadi alipostaafu 2017 alifundisha baiolojia, kwanza Njombe, kisha hapa Makambako. Wengi mliopo leo mlipasua chura kwa mara ya kwanza mbele yake, na baadhi mlizimia.

Tarehe 18 Septemba 1982 alifunga ndoa na Yohanes Haule, fundi wa reli, mwenyeji wa Ludewa.

Desemba 2010, wakiwa likizo ukweni, mvua ilibomoa ukingo wa korongo na mifupa midogo ikaonekana. Shemeji yake, Odilo, alikuwa ameshashika jembe.

"Shemeji, acha," Fidelia alimwambia. "Ukiichimba hivyo, hatutajua ni nani aliyelala hapa."

Aliifunika kwa bati, akaandika barua chuo kikuu. Watafiti walipofika Julai iliyofuata, kiongozi wao alisema ni dinosaria wa aina ndogo, aliyekwisha kujulikana.

"Samahani, daktari," Fidelia alijibu. "Nimechemsha supu ya mbuzi miaka thelathini. Mbuzi akiwa mchanga, ncha za mifupa huachana na mfupa. Za huyu zimeachana. Huyu si wa aina ndogo, ni mtoto."

Daktari alitabasamu, lakini aliupima mfupa wa paja. Ulipokatwa na kutazamwa kwa hadubini, haukuwa na hata pete moja ya ukuaji, ambayo huongezeka kila mwaka. Mnyama alikufa kabla ya kutimiza mwaka. Ikabainika kwamba yule "mdogo" aliyepewa jina la pekee vitabuni alikuwa mtoto wa dinosaria mkubwa wa bonde lilelile. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliona alivyokua, na jinsi meno ya kula wadudu yalivyobadilika kuwa ya kula majani. Makala ilichapishwa 2016, na jina la Fidelia ni la pili kati ya waandishi. Daktari aliileta Makambako mwenyewe, akasema mbele ya wanafunzi, "Mwalimu wenu alinisahihisha."

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Njombe na Dar es Salaam. Muuguzi Jasmine alipomwuliza kama anaogopa, alisema, "Maumivu ndiyo naogopa. Mengine nimeshayakabidhi kwa Mungu." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa moja asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, Timoth, Janeth na Ida, wajukuu watano, na sisi wadogo zake. Mzee Haule hakutaka kusema mengi. Ameomba isomwe hivi: "Nimeishi miaka arobaini na miwili na mtu aliyeangalia vitu kwa makini, nami alinitazama hivyohivyo."

Bwana ampumzishe dada yetu kwa amani.